Mwongozo kamili: jinsi ya kuielewa, kuitumia na kuitafsiri nahau ya Kiingereza "cold feet"

Nahau hii inawaangusha watu kuliko inavyostahili. Ni maneno mawili tu, mtoto wa shule ya msingi anayajua, na mtego uko hapo hapo: kwa kuwa maneno ni mepesi, hakuna anayejisumbua kufungua kamusi. Ndiyo maana sentensi kama hizi zinazidi kujitokeza kwenye barua za kazi, insha za mitihani na habari zilizotafsiriwa haraka haraka:

"I saw a snake and I got cold feet."

"My brother has a cold foot about the wedding."

"Bwana harusi alipata miguu ya baridi saa chache kabla ya kufunga ndoa."

Zote tatu zina kasoro, na kila moja ina ya kwake. Fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio; ukimaliza utaweza kusema mwenyewe kila sentensi imeharibika wapi, na kuirekebisha. Hatua ya 2 usiiruke hata kama unaamini maana unaijua. Wengi wanaokwama hukwamia pale.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kamusi ya Kiingereza ya wanafunzi. Oxford, Cambridge na Longman zote zina kamusi za aina hii, na zinasomeka bure mtandaoni. Kamusi ndogo za Kiingereza na Kiswahili weka kando kwanza, kwa sababu nyingi hutoa maana ya neno moja moja, na shida yetu ni maneno mawili yanayotembea pamoja. Unapotafuta, anza na "cold". Usipoona nahau hapo, nenda kwenye "foot", kwa umoja, maana kamusi hupanga maneno kwa umbo la umoja.

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka 2015, itakutosha, au Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Utaihitaji kwenye hatua ya 7.

Tovuti ya YouGlish. Unaandika maneno, nayo inakuletea vipande vya video ambamo watu wanayatamka. Unaweza kuchagua Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza.

Hazina ya matini ya COCA. Hii si lazima, ila ni silaha nzuri kwa mwalimu au mfasiri. Imekusanya zaidi ya maneno bilioni 1 ya Kiingereza cha Marekani kuanzia 1990 hadi 2019, na ukijisajili unaona jinsi maneno yanavyotumika kwenye magazeti, riwaya na mazungumzo.

Daftari na kalamu pia, au simu, almradi uandike sentensi zako mwenyewe. Kusoma tu hakutoshi.

## Hatua ya 1: Hakikisha kama miguu inayotajwa ni ya kweli

Kabla ya kukimbilia mafumbo, jiulize kama anayeongea anazungumzia nyayo zake. Mtu aliyetoka Mombasa akalala Limuru mwezi Julai, au aliyetoka Dar es Salaam akaamkia Makete, ana haki ya kulalamika kwamba miguu imeganda. Kwa hali hiyo Kiingereza cha kawaida ni "My feet are cold", na kama imezidi, "My feet are freezing".

Angalia mpangilio wa maneno. Miguu ikitangulia na mwenyewe akatajwa, yaani "my feet are…", kuna uwezekano mkubwa ni miguu halisi. Kikitangulia kitenzi kama "get", kisha "cold feet" ikaja bila "my" wala "his", karibu kila mara ni nahau.

Onyo. Kwenye maandishi ya hospitali, nahau haina nafasi. "Cold hands and feet" katika maelezo ya mgonjwa ni dalili ya mwili, na kwa mtoto mwenye homa inaweza kuwa dalili ya hatari. Ukikuta maneno hayo kwenye kipeperushi cha afya, tafsiri neno kwa neno: mikono na miguu kuwa ya baridi. Mzazi akisoma kwamba mtoto "ameingiwa na hofu", atambembeleza badala ya kumkimbiza hospitali.

Utajua umefaulu ukisoma sentensi na kusema bila kusita: huyu anahitaji soksi, au huyu anahitaji kutiwa moyo.

## Hatua ya 2: Pima mambo matatu: ahadi, ukaribu na woga

"Cold feet" ni woga au wasiwasi unaomwingia mtu kuhusu jambo alilokwisha kulikubali au kulipanga, hasa linapokaribia. Maana yote imebebwa na mambo hayo matatu. Likikosekana la kwanza au la tatu, nahau haifai kabisa.

Ahadi. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Watu wanaijua sehemu ya woga, halafu wanaipaka kila woga unaopita. Turudi kwa yule wa nyoka. Hakuwa na miadi na nyoka. Walikutana tu njiani. Huo ni woga wa kawaida, na Kiingereza kina maneno yake: "I was terrified", au "I froze". Lakini kama ulikubaliana na wenzako kwenda Meserani, nje ya Arusha, kuwaona nyoka, ukachanga nauli, ukafika mpaka getini, halafu ukawaambia "nendeni tu, mimi nitawasubiri kwenye gari", hapo "I got cold feet" imekaa mahali pake.

Ukaribu. Kwa kawaida wasiwasi huu hukua siku zinavyopungua. Ndiyo maana nahau hupenda kufuatana na maneno kama "at the last minute" au "the night before". Si sharti, ila ukiona jambo lenyewe liko miaka mitano mbele, jiulize mara mbili.

Woga. Sababu ya kusita lazima iwe hofu au shaka iliyoingia moyoni. Chukua mfano wa kiwanja. Mmeshakubaliana bei na muuzaji, mashahidi wameshapatikana, na kesho asubuhi mnaandikishana ofisi ya serikali ya mtaa. Usiku unajilaza, usingizi hauji. Je, kama kimeshauzwa kwa mtu mwingine? Mbona yule kijana alikuwa na haraka vile? Mbona mkewe hakuonekana hata siku moja? Asubuhi simu inaita, unaiangalia tu. Hiyo ni "cold feet" yenyewe, haina mjadala.

Sasa badilisha jambo moja. Umelala usingizi wako, asubuhi rafiki akakuambia kuna kiwanja kikubwa zaidi kwa bei ndogo mtaa wa pili, ukamwacha muuzaji wa kwanza kwenye mataa. Hapo umeghairi. Hukuogopa, umepata kinono. Kiingereza chake ni "I changed my mind", na ukisema "cold feet" msikilizaji atatafuta ulichoogopa asikione.

Kuna jambo la nne, nalo ndilo linalowatofautisha wanaoijua nahau hii na wanaoibahatisha: nahau yenyewe haisemi kama mtu alijitoa. Inasema woga umeingia, basi. Linganisha:

"He got cold feet and called off the wedding."
Aliingiwa na woga, akavunja harusi.

"He got cold feet, but his uncle talked to him and the wedding went ahead."
Aliingiwa na woga, lakini mjomba wake akakaa naye wakazungumza, na harusi ikafungwa.

Msomaji wa Kiingereza akiachwa bila maelezo zaidi hudhani kwamba mtu alirudi nyuma. Ni dhana tu, haimo ndani ya maneno. Kumbuka hili, kwa sababu kwenye tafsiri ndipo linapoleta maafa.

Utajua umefaulu ukiweza kutunga visa viwili vinavyofanana, kimoja kinachofaa "cold feet" na kingine kisichofaa, na ukaeleza tofauti kwa maneno yako.

## Hatua ya 3: Chagua kitenzi, kisha liache umbo kama lilivyo

Vitenzi vinavyoizunguka nahau hii si vingi.

Get ndicho cha kuanza nacho. Kinaonyesha wasiwasi ukiingia: "She got cold feet." Ukitaka kusema unaanza kuhisi hivyo sasa hivi, sema "I'm getting cold feet."

Have kinaonyesha kwamba wasiwasi tayari upo: "He had cold feet the whole week."

Give hutumika pale kitu kinapomtia mtu woga: "The size of the loan gave us cold feet." Ukubwa wa mkopo ndio uliotutia wasiwasi.

Develop utakiona sana kwenye magazeti ya Kiingereza ya Nairobi, na vilevile ya Nigeria na India: mgombea fulani "has developed cold feet". Si kosa, na kinaeleweka popote. Ila ukiwaandikia Waingereza au Wamarekani, "get" ndicho walichozoea, na "develop" kitawasikikia kizito kidogo.

Sasa umbo. Hapa usijaribu ubunifu.

Ni "feet", daima kwa wingi. Hata kama aliyeogopa ni mtu mmoja, na hata kama ana mguu mmoja, "a cold foot" haipo. Hii ndiyo kasoro ya sentensi ya pili kule mwanzo.

Si "legs". Kosa hili ni letu sisi Waswahili, na chanzo chake kinaeleweka: sisi tunasema mguu kuanzia nyongani hadi vidoleni, wakati Kiingereza kimeugawa. Sehemu ya kukanyagia, chini ya kifundo, ni "foot"; iliyobaki juu ni "leg". Ukisema "cold legs", mtu atakuuliza kwa nini hukuvaa suruali.

Hakuna "a" wala "the" mbele yake. "I got the cold feet" ni kosa. Ukitaka kuitumia kama jina la tatizo, kuna njia iliyokwisha kuzoeleka: "a case of cold feet", au "an attack of cold feet". Hiyo "a" hapo ni ya "case", wala haihusiani na miguu.

Usiweke "my" au "his" katikati. "I got my cold feet" haisemwi.

Usiongeze ukali wa baridi. "Very cold feet" au "freezing feet" humrudisha msikilizaji kwenye miguu ya nyama na mifupa. Utawasikia wenye lugha wakichezea maneno hayo kwa mzaha. Waache wao wacheze.

Utajua umefaulu ukiandika sentensi nne, moja kwa kila kitenzi, na maneno "cold feet" yakabaki vilevile katika zote nne.

## Hatua ya 4: Unganisha na jambo linaloogopwa

Kiunganishi salama ni "about". Baada yake weka jina la kitu, au kitenzi chenye "-ing":

"They got cold feet about the loan."

"I'm getting cold feet about moving to Canada."

Wengi huandika "cold feet to move" kwa sababu Kiswahili kinasema "kuogopa kuhama". Kwenye Kiingereza muundo huo unagoma hapa. Vivyo hivyo "cold feet of". Hiyo imevutwa kutoka "afraid of", na haihamishiki. Utakutana na "over" na hata "on" kwenye vichwa vya habari, ambako nafasi ni finyu. Ukiwa bado unajifunza, "about" itakuvusha kila mahali.

Kisha, kwa sababu ya lile jambo la nne la hatua ya 2, zoea kuongeza kilichotokea. Sentensi ikiishia kwenye "got cold feet" inamwacha msomaji njia panda. Mwambie: "and pulled out", akajitoa, au "but signed anyway", lakini akasaini hivyo hivyo.

Utajua umefaulu mtu akisoma sentensi yako na asiulize "ikawaje?"

## Hatua ya 5: Angalia unaongea na nani, na unamsema nani

Nahau hii ni ya mazungumzo. Kwa marafiki, kwenye ujumbe wa simu, kwenye makala ya gazeti na kwenye hadithi, itumie bila wasiwasi. Kwenye mkataba, hati ya mahakama, muhtasari wa kikao cha bodi au barua ya kujiuzulu, iache. Huko andika wazi: "had reservations", alikuwa na mashaka, "withdrew", alijitoa, "decided not to proceed", aliamua kutoendelea.

Wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kupima uwezo wa Kiingereza, huuliza sana hapa. Kwenye sehemu ya kuzungumza, maelezo ya alama ya 7 kwa upande wa msamiati yanataja uwezo wa kutumia maneno ya nahau na yasiyo ya kawaida sana. Kwa hiyo ukipewa kadi ikakutaka ueleze uamuzi mgumu uliowahi kuufanya, "I nearly got cold feet the night before" itakusaidia, mradi itoke kwa urahisi. Kwenye insha ya Task 2, ile ya sehemu ya kuandika, mambo ni mengine: pale inatakiwa lugha rasmi, na nahau ya mtaani inaweza kukushusha. Na hata kwenye kuzungumza, moja inayokaa mahali pake inatosha. Mtahini anayesikia nahau tano ndani ya dakika mbili anajua umezikariri basini.

Onyo kubwa. Ukiisema nahau hii juu yako mwenyewe, ni utani mwepesi, karibu sawa na kusema "jamani, nimeanza kuogopa". Ukimrushia mtu mwingine usoni, imegeuka tuhuma ya uoga. "You got cold feet" kwa mshirika wa biashara aliyejitoa kwa sababu mahesabu hayakukaa sawa ni kumwita mwoga, na uhusiano unaweza kuishia hapo. Mtu aliyesita kabla ya upasuaji, au binti aliyesita kabla ya ndoa, anaweza kuwa na sababu ya msingi kabisa, na nahau hii inaifanya sababu hiyo ionekane kama kutetemeka tu. Muulize kwanza.

## Hatua ya 6: Itamke ieleweke

Irabu ya "feet" ni ndefu. Kiswahili hakitenganishi "feet" na "fit" kwa sikio, Kiingereza kinatenganisha. Vuta: *fiit*. Ukiikata fupi, msikilizaji anasikia "cold fit" na anaanza kutafuta maana.

Kwenye "cold", usiongeze irabu mwishoni ikawa *koldi*. Katika maongezi ya kasi "d" karibu inamezwa na "f" inayofuata, na hilo halina ubaya. Waliozoea kubadilishana "l" na "r" wawe macho, maana "cord" ni kamba.

Fungua YouGlish, andika "cold feet", sikiliza vipande kadhaa, kisha irudie kwa sauti. Zoezi la dakika chache tu.

## Hatua ya 7: Ilete kwenye Kiswahili bila kuleta miguu

Hapa ndipo penye kazi, hasa kwa waandishi wa habari na wanaotafsiri filamu.

Anza kwa kukubali jambo moja: miguu ya baridi haina maana yoyote ya woga kwetu. Ubaridi wenyewe kwa Kiswahili mara nyingi ni jambo jema: mambo poa, moyo umepoa, hasira zimepoa. Na woga wa Mswahili haukai miguuni. Unakaa moyoni, rohoni, na zaidi ya yote tumboni, na una joto. Magazeti yetu huandika "tumbo joto" kila majina ya wagombea yanaposubiriwa au matokeo ya mitihani yanapokaribia. Mwingereza kapoa nyayo, sisi tumechemka matumbo.

Je, basi "tumbo joto" ndiyo tafsiri? Mara chache. Tumbo joto ni wasiwasi wa kusubiri jambo ambalo mara nyingi liko mikononi mwa wengine. Mgombea anayesubiri jina lake hana pa kurudi nyuma. "Cold feet" ni wasiwasi wa mtu ambaye bado ana uwezo wa kuamua aende au asiende. Ikiwa habari inahusu kusubiri tu, "tumbo joto" itafaa. Ikiwa kuna uamuzi, tafuta neno lingine.

Ili kulipata, jibu maswali haya kabla ya kuandika.

*Alijitoa au hakujitoa?* Soma mpaka mwisho wa habari. Kama hakujitoa, au bado haijulikani, tumia maneno ya hofu peke yake: aliingiwa na wasiwasi, aliingiwa na woga, alianza kusita, moyo ukamwingia ubaridi. Kama alijitoa, ongeza tendo: akarudi nyuma, akaghairi, akajitoa. Angalia "kughairi" pekee: inaeleza kubadili nia, ila haielezi kwamba chanzo ni hofu. Ukiitumia, itangulize na hofu: "aliogopa, akaghairi".

*Mwandishi anamdhihaki?* Kiswahili kina maneno makali ya kazi hii. "Kunywea" ni kupoteza ujasiri uliokuwa ukionekana. "Kuufyata" ni kunywea kwa aibu. "Kuingia mitini" ni kutoroka kabisa, mtu haonekani. Yatumie pale tu mwandishi wa Kiingereza naye alikuwa anakebehi. Kumwandika mama aliyeogopa upasuaji kwamba "aliufyata" ni kumkosea adabu.

*Ni mazungumzo ya vijana?* "Kupata mchecheto" inaweza kukaa vizuri kwenye filamu, ukikumbuka kwamba mchecheto ni kihoro cha wakati huo, wala hauelezi kurudi nyuma.

Sasa tuone kwa karibu. Tuseme umepewa habari hii fupi:

"Two weeks before the launch, the investors got cold feet. The founder flew to Dubai to calm them down, and the money came through."

Mtafsiri mwenye haraka anaishia sentensi ya kwanza na kuandika: "Wiki mbili kabla ya uzinduzi, wawekezaji walijitoa." Akifika sentensi ya pili anakuta fedha zimetoka. Zimetoka kwa nani, ikiwa walishajitoa? Wengine huibandika hivyo hivyo na habari inajipinga yenyewe. Tafsiri inayosimama ni hii:

"Wiki mbili kabla ya uzinduzi, wawekezaji wakaanza kuingiwa na wasiwasi. Mwanzilishi wa kampuni akapanda ndege hadi Dubai kwenda kuwatuliza, na fedha zikatoka."

Hakuna miguu, hakuna baridi, na hakuna kilichopotea. Yule bwana harusi wa mwanzo naye anatibika kwa njia hiyo hiyo: "Saa chache kabla ya kufunga ndoa, bwana harusi aliingiwa na woga." Kama hakutokea msikitini au kanisani, endelea: "akaingia mitini". Kamati ya harusi watalielewa hilo bila kamusi.

Utajua umefaulu ukimsomea tafsiri yako mtu asiyejua Kiingereza, na akacheka au akasikitika mahali panapostahili.

## Hatua ya 8: Itenge na nahau nyingine za baridi

Kiingereza kina baridi nyingi, na zinachanganywa. Pitia haraka.

"The cold shoulder" ni kumpuuza mtu makusudi, unamsalimu, anakupita. Hakuna woga hapo.

"In cold blood" hutumika kwa mauaji ya kikatili yaliyokusudiwa, bila chembe ya huruma. Ukiichanganya na "cold feet" kwenye habari ya mahakamani utakuwa umemsingizia mtu jambo zito.

"Pour cold water on" ni kulikosoa wazo mpaka lipoteze mvuto.

"Left out in the cold" ni kutengwa, kuachwa nje wakati wenzako wako ndani ya mpango.

"A cold sweat" ndiyo jirani wa karibu, kwa kuwa nayo ni ya hofu. Sisi tunayo tayari: kijasho chembamba. Mtu anaweza kutokwa na kijasho chembamba kwa kumwona simba, bila ahadi wala mpango wowote, na hapo ndipo inapotengana na "cold feet".

## Hatua ya 9: Jipime

Funika majibu kwa mkono. Sema kama "cold feet" inafaa.

1. Neema amelipa nusu ya ada ya chuo huko Uturuki. Wiki ya kusafiri imefika, anaanza kuuliza kama bado inawezekana kurudishiwa fedha, maana hajawahi kukaa mbali na nyumbani.

2. Juma amesikia risasi, akalala chini.

3. Klabu ilikuwa imeafikiana na mshambuliaji. Klabu nyingine ikampa mshahara mkubwa zaidi, akaenda huko.

4. Mzee ameandikiwa upasuaji wa jicho. Asubuhi ya siku yenyewe anasema macho yamepona, hana haja tena. Kila mtu nyumbani anajua hayajapona.

Majibu. La kwanza inafaa, na kwa kuwa hatujui mwisho wake, andika "Neema is getting cold feet about going to Turkey" na uishie hapo. La pili haifai. Hakuna mpango wowote uliovunjwa. La tatu haifai. Aliyemchukua ni pesa, si hofu. La nne inafaa kabisa, ila usimwambie mzee mwenyewe. Ukiitafsiri andika kwamba ameingiwa na woga, na neno "kuufyata" liache kwenye kamusi.

Ukikosa la pili, rudi kwenye ahadi. Ukikosa la tatu, rudi kwenye woga. Ukiwa umekosa la kwanza kwa kuandika kwamba Neema ameghairi safari, soma tena habari ya wawekezaji wa Dubai, kisha tunga sentensi tatu zako mwenyewe: moja ambayo mtu anajitoa, moja ambayo anaendelea, na moja ambayo bado anazungukazunguka chumbani na begi limefungwa.